PSA imepanda, daktari anataka MRI kabla ya kuchukua kinyama: kipimo hiki kitaniambia nini?

Swali: "Nina miaka 58. Mwaka jana PSA yangu, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 5.1, mwaka huu imefika 7.2. Daktari wa mfumo wa mkojo amenipima kwa kidole na hakuhisi kitu kigumu. Anataka nikapige MRI kwanza, ndipo aamue kama atachukua kinyama cha tezi kwa sindano kikapimwe saratani. Kaka yangu hakufanyiwa hivyo. Yeye alichomwa sindano kumi na mbili moja kwa moja, akaambiwa hana kitu, na baada ya miaka miwili akakutwa na saratani ya tezi dume akiwa na miaka 63. Je, MRI ingeiona mapema? Na yangu ikitoka safi, ndiyo basi, sihitaji kinyama tena? Nimesikia pia kwamba kipimo hicho kina mionzi mikali."

Ndugu yangu, pole kwa yaliyompata kaka yako, na ahsante kwa kuandika kwa undani. Mimi ni daktari wa radiolojia, picha hizi nazisoma kila wiki. Kwenye maelezo yako kuna jambo umelitaja kama mfano tu, lakini kwangu ndilo zito kuliko mengine yote: kaka yako ana saratani ya tezi dume. Mwanamume ambaye baba yake au kaka yake wa damu amepata ugonjwa huu, uwezekano wake wa kuupata ni takriban mara mbili ya wa mwanamume mwingine. Je, daktari wako analijua hilo? Wagonjwa wengi wakiulizwa "kwenu kuna ugonjwa wa kurithi?" hujibu hapana, kwa sababu mawazo yao yanakwenda kwenye kisukari na presha. Mwambie waziwazi, na mtaje kaka yako kwa umri aliokuwa nao. Nitalirudia jambo hili mbele, maana linabadilisha namna ya kuyasoma majibu yako.

La mionzi nilimalize haraka. MRI haina mionzi ya aina ya eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio. Chenye mionzi ni CT, na watu huvichanganya viwili hivi kwa sababu mashine zote mbili zina tundu ambalo mgonjwa huingizwa amelala. Hatari ya MRI ni chuma. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kibanio cha mshipa kichwani, au kama uliwahi kufanya kazi ya kuchomelea ukahisi chembe ya chuma imekuingia jichoni, sema kabla hujavuka mlango wa chumba kile. Baadhi ya vifaa vya moyo vya siku hizi vinaruhusu MRI kwa masharti, vingine haviruhusu kabisa. Nyonga ya bandia haikuzuii kupimwa, ila huvuruga picha za karibu nayo, na tezi dume iko karibu nayo.

Sasa tuje kwenye hiyo 7.2. Watu husema "fulani ana tezi dume" kana kwamba ni jina la ugonjwa. Kila mwanamume anayo. Ni tezi iliyokaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama shanga ilivyouzunguka uzi. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi hiyo, na kiasi kidogo huvujia kwenye damu. Saratani huipandisha. Lakini hata kukua kwa tezi kwa kawaida ya umri huipandisha, maambukizi ya mkojo huipandisha, mpira wa mkojo huipandisha, na hata kutoa shahawa siku moja au mbili kabla ya kupimwa kunaweza kuisogeza juu kidogo. Kwa hiyo kama hujarudia kipimo cha damu, omba kirudiwe baada ya wiki chache, pamoja na kipimo cha mkojo cha kutafuta maambukizi. Kuna wanaume ambao namba hushuka yenyewe na safari inaishia hapo. Na kama unatumia finasteridi au dutasteridi kwa ajili ya mkojo unaokwama, daktari lazima ajue: dawa hizo ukizitumia kwa miezi kadhaa hushusha PSA hadi karibu nusu, kwa hiyo 7.2 ya mtu anayezimeza ni kama 14 ya asiyezimeza.

Tuchukulie namba imerudiwa na bado iko juu. Kwa nini basi MRI itangulie sindano? Jibu liko kwenye yale yaliyompata kaka yako.

Sindano ya kuchukua kinyama hutoa kijiuzi cha nyama chenye urefu wa chini kidogo ya sentimita 2 na unene wa kama milimita 1. Ukivijumlisha vijiuzi kumi na viwili, havifiki hata asilimia 1 ya tezi nzima. Kwa njia ya zamani daktari alipitisha kifaa cha ultrasaundi kwenye njia ya haja kubwa, akaiona tezi na mipaka yake, kisha akachoma kwa mpangilio: kulia, kushoto, juu, katikati, chini. Ultrasaundi ilimwonyesha tezi iko wapi. Saratani yenyewe, mara nyingi, haikumwonyesha. Tena sindano zikiingilia nyuma huifikia vizuri sehemu ya nyuma ya tezi, na uvimbe uliojificha upande wa mbele unaweza kukwepwa hata mtu achomwe mara tatu. Sijaona picha za kaka yako, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba hicho ndicho kilichotokea. Ila ninapopata mgonjwa mwenye historia kama yake, mahali pa kwanza ninapoangalia ni mbele ya tezi.

Jambo hili lilipimwa kwa haki nchini Uingereza, katika utafiti uitwao PROMIS uliochapishwa mwaka 2017. Wanaume 576 walipigwa MRI, kisha wakachukuliwa vinyama kwa njia ya kawaida, na juu ya hayo wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi wakachomwa sindano kila baada ya milimita 5 kwenye tezi yote. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa mizani ya kweli. Kati ya kila wanaume 100 waliokuwa na saratani ya hatari, vinyama vya kawaida viliwanasa 48. MRI iliwanasa 93. Kwa hiyo ukiniuliza kama MRI ingeiona ya kaka yako mapema, ninakujibu: ikiwa ilikuwapo siku ile na ilikuwa ya kiwango cha kutisha, uwezekano mkubwa ndiyo.

Utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili, na ningekuwa sikutendei haki nikiuficha. Kati ya wanaume 100 wasiokuwa na saratani ya hatari, MRI iliwaacha huru 41 tu, wengine wote ikawatilia shaka. Yaani MRI ni mlinzi mwenye macho makali anayesimamisha hata wasio na kosa. Ndiyo maana mtu hatibiwi saratani kwa picha peke yake. Picha inaonyesha mahali pa kuchoma, na nyama iliyotoka hapo, ikishaangaliwa na mpatholojia kwa hadubini, ndiyo inayosema kuna saratani au hakuna.

Labda nikueleze ninachokiona nikiwa mbele ya kioo, ili siku ukisoma ripoti yako isikutishe. Picha ya kwanza tunaiita T2. Kanda ya nje ya tezi dume, ambako karibu asilimia 70 ya saratani huanzia, ikiwa nzima hung'aa nyeupe kwa sababu imejaa vijifuko vyenye majimaji. Saratani hapo huonekana kama doa jeusi kwenye weupe. Kanda ya ndani ni ngumu zaidi kuisoma, hasa kwa mtu wa umri wako, kwa sababu ndiyo inayovimba uzeeni: imejaa vinundu, vingine vyeupe, vingine vyeusi. Kinundu chenye mpaka unaouona kuzunguka pande zote huwa hakinisumbui. Kinachonisimamisha ni doa la kijivu lisilo na mpaka, lililosambaa kama mchoro wa mkaa uliopitishwa kidole. Mfano huo wa mkaa ndio tunaoutumia sisi wenyewe tukifundishana.

Picha ya pili inafuata mwendo wa maji. Ndani ya tezi nzima chembe za maji huzurura kwa nafasi. Penye saratani kali seli zimesongamana hata maji hayana pa kupita, na kompyuta huigeuza tofauti hiyo kuwa rangi: doa linalong'aa kwenye picha moja na kuwa jeusi tii kwenye pacha wake, ramani iitwayo ADC. Kwenye kanda ya nje picha hii ndiyo ninayoiamini zaidi, na kwenye kanda ya ndani ninaiamini T2. Nikikuta doa moja, mahali palepale, limeonekana katika zote, hapo naacha kalamu na kuangalia upya taratibu.

Picha ya tatu hutumia dawa yenye gadolini inayochomwa mshipani, tukatazama sehemu gani inainywa haraka. Usishangae kama kituo chako hakiitumii. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa PRIME, wa wanaume 490 katika nchi 12, na yakaonyesha kwamba picha mbili za kwanza, zikipigwa vizuri, zilinasa saratani za hatari kwa kiwango kilekile: asilimia 29 bila dawa, asilimia 29.6 kwa dawa. Bila dawa kipimo huchukua kama dakika 15 hadi 20, na mwenye figo dhaifu anaepushwa na wasiwasi wa gadolini. Mimi naona ni habari njema sana. Sharti lake ni hilo neno "zikipigwa vizuri".

Baada ya hapo natoa alama ya PI-RADS, kuanzia 1 hadi 5. Moja na mbili maana yake saratani ya hatari haitarajiwi. Tatu ni njia panda. Nne na tano, kinyama kichukuliwe. Tano hutofautiana na nne kwa ukubwa: doa limefika sentimita 1.5 au limeshavuka nje ya tezi. Nakuomba sana ushike jambo hili moja, maana nimeona watu wakilia kwenye korido kwa kutolijua: PI-RADS 4 haina uhusiano wowote na saratani hatua ya nne. Alama inapima shaka yangu mimi msomaji. Hatua inapima ugonjwa ulikofika. Mtu anaweza kuwa na PI-RADS 4, kinyama kikatoka, ikawa ni uvimbe wa zamani wa maambukizi. Prostataitisi, yaani uvimbe huo wa tezi, huiga saratani kwa ustadi mkubwa, na hata kifua kikuu kikiingia kwenye tezi dume huleta doa ambalo macho yangu hayawezi kulitenganisha na saratani.

Sasa swali lako la katikati: ikitoka safi, ndiyo basi? Hapana, si moja kwa moja. Kati ya wanaume 100 ambao MRI yao imetoka safi, takriban 90 kweli hawana saratani ya hatari. Kwa hao wengine wachache, kuna iliyo ndogo mno, kuna iliyosambaa nyembamba bila kusongamana, kuna picha iliyoharibika kwa gesi tumboni au kwa mgonjwa kutikisika. Ili kuwatambua, tunachukua namba ya PSA na kuigawa kwa ujazo wa tezi. Mantiki yake ni kwamba tezi kubwa ina haki ya kutoa PSA nyingi, tezi ndogo haina.

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe ripoti ikifika. Chukua vipimo vitatu vya tezi kwa sentimita, vizidishe, kisha zidisha kwa 0.52. Tuseme yako ni 5.2 kwa 4.1 kwa 5.6: unapata mililita 62 hivi. Gawanya 7.2 kwa 62, unapata 0.12. Hiyo iko chini ya 0.15, mstari ambao madaktari wengi huutumia, na kwa MRI safi wengi wangesema tusubiri, tupime PSA tena baada ya miezi kadhaa. Lakini tuseme tezi yako ni ndogo, 4.4 kwa 3.4 kwa 3.9, yaani mililita 30. Damu ni ileile, 7.2, ila jibu linakuwa 0.24. Hapo hata picha ikiwa safi kama kioo, mimi ningemshauri daktari wako afikirie kinyama. Na hapa ndipo kaka yako anaporudi. Kwa mwanamume asiye na historia ya familia, 0.12 na MRI safi ingenilaza usingizi mzuri. Kwako wewe, mwenye kaka mgonjwa na PSA iliyopanda kutoka 5.1 hadi 7.2 kwa mwaka mmoja, ningetaka ufuatiliaji wa karibu wenye tarehe iliyoandikwa. Ukiambiwa "uko sawa, rudi ukijisikia vibaya", usikubali, kwa sababu saratani hii ikiwa bado ndani ya tezi mara nyingi haiumi wala haisumbui.

Kuna jambo lingine linaloshangaza wengi: kuna saratani za tezi dume ambazo MRI huzikosa, na kuzikosa huko ni faida. Zile za daraja la chini kabisa, Gleason 3+3 kwa alama ya mpatholojia ya ukali wa saratani, hukua polepole kiasi kwamba wengi huzeeka nazo. Njia ya zamani iliziokota kwa wingi, mtu akaondoka na neno saratani mgongoni, wengine wakafanyiwa upasuaji uliowaachia mkojo unaovuja na unyumba ulioharibika, kwa ugonjwa ambao usingewadhuru. Utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, wa wanaume 500 katika nchi 11, uliwagawa kwa kura. Waliotanguliziwa MRI walikutwa na saratani za hatari asilimia 38, dhidi ya 26 kwa waliochomwa moja kwa moja. Saratani zisizo na hatari zilikuwa asilimia 9 tu, dhidi ya 22. Na asilimia 28 ya kundi la MRI hawakuchomwa sindano hata moja. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 miongozo ya Uingereza na ya Ulaya imeiweka MRI mbele ya sindano.

Sababu nyingine ya kuitanguliza ni ya kikazi kabisa. Sindano huacha damu ndani ya tezi kwa wiki nyingi, na damu hiyo huchafua picha. Nikiletewa mgonjwa aliyechomwa wiki mbili zilizopita, huwa namwomba asubiri, kama hali yake inaruhusu.

Wasiohitaji mlolongo huu wapo. Mwanamume mwenye PSA ya mamia, mifupa inauma na kidole kimegusa tezi ngumu kama jiwe, asicheleweshwe kwa kusubiri MRI ya kutafuta doa. Wewe hauko huko.

Siku ya kipimo, nenda haja kubwa kabla ya kuingia. Naliweka mbele kwa sababu puru, mwisho wa utumbo mpana, imepakana na tezi dume, na gesi ikijaa pale picha ya maji hupinda, nami nabaki nasoma kitu kisichokuwapo. Vituo vingine hukuomba ukae bila kutoa shahawa kwa siku tatu, na vingine huchoma dawa ya kutuliza utumbo. Mashine iwe ya Tesla 1.5 au 3, yaani nguvu ya sumaku yake, zote zinafaa zikitunzwa. Kile kifaa cha kuingizwa puruni cha miaka ya nyuma kwa kawaida hakihitajiki tena. Utalala chali, kelele ni kubwa, utapewa viziba masikio na kitufe cha kuita. Kama unaogopa mahali pa kubana, sema siku unapochukua miadi, si ukiwa tayari mezani.

Ikitoka doa, muulize daktari mambo mawili. La kwanza, sindano zitaelekezwa vipi kwenye doa lenyewe: kwa kuilinganisha picha kichwani, au kwa mashine inayoiunganisha MRI na ultrasaundi? Zote hutumika, mkono wa mzoefu ndio wenye thamani. La pili, zitapita wapi. Kuchoma kupitia ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa hupunguza hatari ya bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu, ukilinganisha na kupitia puruni. Na usishtuke akichukua pia vinyama vichache kuzunguka doa, kwa kuwa saratani mara nyingi ni pana kuliko nilivyoichora.

Kabla ya miadi, mpigie kaka yako simu. Mwombe nakala ya majibu yake ya patholojia, karatasi yenye alama ya Gleason, na kama alishapigwa MRI basi na diski ya picha zake. Mwulize pia kama aliwahi kupimwa vinasaba, hasa kasoro ya kinasaba cha BRCA2, na kama kuna shangazi au dada aliyepata saratani ya matiti au ya ovari, maana kasoro hiyo hupita kwa wanaume na wanawake wa ukoo mmoja. Zipeleke karatasi hizo pamoja na zako zote mbili za PSA, ya 5.1 na ya 7.2, zikiwa na tarehe, na omba nakala imfikie atakayesoma picha yako. Mimi nikipewa bahasha kama hiyo, kabla sijafungua picha ya kwanza, najua tayari naanzia upande gani.